Soulcalibur: Siku nakala ilipoipiku asili

Ukimwomba mtu aliyepitia vibanda vya PlayStation vya mitaani hapa Kenya akutajie gemu moja tu ya kupigana, kuna uwezekano mkubwa atasema Tekken 3. Mwombe tena akutajie mpiganaji wa ajabu kuliko wote humo, naye hatachelewa kumtaja Yoshimitsu, yule jamaa wa upanga anayeweza kujichoma tumboni mwenyewe ili amwumize adui. Ambalo wengi hawalijui ni kwamba huyo si Yoshimitsu wa kwanza. Wa kwanza aliishi karne ya 16, katika gemu nyingine ya kampuni ileile ya Namco, gemu ambayo kila mtu ndani yake amebeba silaha. Inaitwa Soulcalibur. Nimekuwa nikiirudia usiku baada ya kazi, na kadiri ninavyoicheza ndivyo ninavyoona kwamba sifa iliyo nayo, ile ya kuwa gemu nzuri ya kutazama, ni nusu tu ya habari.

Nusu nyingine ni hii. Tekken 3 ilitoka mwaka 1997 na Soulcalibur ikatoka Julai 1998, zote mbili zikiwa kwanza gemu za mashine za sarafu, zile mashine kubwa za kusimama ambazo unatumbukiza pesa ndipo ucheze. Zote mbili ziliendeshwa na bodi moja, iliyoitwa System 12. Ndugu wa tumbo moja kabisa. Kisha kila moja ikaenda nyumbani kwa watu kwa njia yake, na tofauti ya safari hizo mbili ndiyo iliyobadilisha biashara nzima.

Lakini tuanze na ukoo kidogo. Gemu za kupigana kwa silaha hazikuanzia Namco. SNK walitoa Samurai Shodown mwaka 1993, ikiwa ya michoro bapa, na ndani yake pigo moja zuri la upanga lingeweza kukuondolea sehemu kubwa ya uhai. Ilikufundisha kusubiri. Mwaka 1995 ikaja Battle Arena Toshinden kwenye PlayStation, yenye maumbo ya pande tatu, na ikampa mchezaji uwezo wa kubingirika pembeni kukwepa pigo. Mwishoni mwa mwaka huohuo Namco wakaleta Soul Edge. Humo wapiganaji walitembea kama watu kwa sababu mienendo yao ilinaswa kutoka kwa miili ya watu halisi. Pia kulikuwa na kanuni moja niliyoipenda sana: ukijikinga mno, silaha yako inavunjika na unabaki kupigana mikono mitupu! Ilipovuka kwenda Marekani na Ulaya ikiwa kwenye PlayStation, mwaka 1997, iliitwa Soul Blade, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyedai neno "Edge" ni mali yake katika biashara ya gemu. Mfululizo wenyewe ukabadilishwa jina baadaye, na hatukusikia tena Soul Edge ila kama jina la upanga mwovu ndani ya hadithi. (Hadithi yenyewe nitairuka. Kuna upanga mbaya, kuna upanga mzuri, kila mtu anautafuta mmoja. Inatosha.)

Turudi kwenye bodi. System 12 haikuwa mnyama mgeni. Namco walikuwa wameichukua PlayStation ya Sony, wakaitoa kwenye kasha lake na kuiongezea misuli. Mtangulizi wake, System 11, ilikuwa karibu PlayStation tupu yenye chipu za ROM badala ya CD, na ndiyo iliyoendesha Tekken mbili za kwanza pamoja na Soul Edge. System 12 ilibaki na prosesa ya ukoo uleule, R3000A, ila ikakimbizwa kwa MHz 48 badala ya takriban MHz 33.9 za PlayStation ya nyumbani, na ikapewa nafasi zaidi ya kuhifadhi picha.

Ilikuwa na nguvu zaidi, basi, lakini magonjwa ya ukoo iliyarithi. Kama ulicheza PlayStation ya kwanza utakumbuka jinsi sakafu na kuta zilivyopindapinda kamera ikisogea, na jinsi kingo za maumbo zilivyotetemeka kama zina homa. TV yenu haikuwa mbovu. Mashine ile haikuwa na kitengo cha kukokotoa nambari zenye desimali zinazoelea. Hesabu zote za maumbo zilifanywa kwa nambari kamili, na kila kona ya pembetatu ililazimika kuangukia kwenye pikseli nzima. Pembetatu ikisogea nusu pikseli, inabaki ilipo, halafu inaruka. Isitoshe, picha iliyobandikwa juu ya umbo haikurekebishwa kulingana na umbali, ndiyo maana sakafu ilijikunja. Na hakukuwa na njia ya kujua, pikseli kwa pikseli, ni kitu gani kiko mbele ya kingine. Programu yenyewe ilipanga pembetatu kuanzia za mbali hadi za karibu, kisha ikazichora kwa mpangilio huo, kama fundi anayepaka rangi ukuta kabla ya kuchora mtu aliyesimama mbele yake.

Mazoea ya siku zile yalikuwa kwamba mashine ya sarafu ni mkubwa na mashine ya nyumbani ni mdogo. Gemu ikitoka ukumbini kuja nyumbani, lazima ikonde. Tekken 3 ilikonda. Ilipofika kwenye PlayStation mwaka 1998, mandhari yaliyokuwa nyuma ya wapiganaji yalichorwa upya yakawa picha moja ndefu ya tabaka moja inayozunguka, na ukali wa picha ukashuka kidogo. Ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa, na siwezi kuibeza, kwa sababu konsoli ile ilikuwa na MB 2 tu za RAM na MB 1 ya picha. Mtu anayeandika programu leo kwenye laptop ya GB 16 na bado analalamika angefaa kuitazama na kunyamaza kidogo. Hata hivyo ilikuwa kukondesha. Mchezaji wa nyumbani alijua anachopata ni kivuli cha kile kilicho ukumbini.

Soulcalibur ilichukua njia nyingine. Badala ya kubanwa ndani ya PlayStation, ilipelekwa kwa mshindani wa Sony. Tena ni Sega, mahasimu wa Namco tangu siku za Virtua Fighter na Tekken ya kwanza! Konsoli yao mpya, Dreamcast, ilikuwa imetoka Japani Novemba 1998. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Hitachi iitwayo SH-4, inayokimbia kwa MHz 200, MB 16 za RAM, MB 8 za picha na MB 2 za sauti.

MHz peke yake haielezi kitu. Jambo la maana ni kwamba SH-4 ilijua desimali. Ilikuwa na amri maalumu ya kuzidisha matriki ya nne kwa nne na vekta ya nambari nne, yote kwa amri moja. Waliosoma hisabati ya michoro ya kompyuta wanajua maana yake: kila kona ya kila mkono, kila upanga na kila kipande cha nguo, inapozungushwa au kusogezwa, kazi inayofanyika ni kuzidisha huko. Unapochukua hesabu unayoirudia mara maelfu kwa kila fremu ukaipa amri yake kwenye chipu, unapata nafasi ya kuongeza miili, vidole na mikunjo ya nguo.

Chipu ya michoro nayo ilikuwa na hekima yake. Ilikuwa ya familia ya PowerVR, na ilifanya kazi kinyume cha ile ya fundi rangi. Iliigawa skrini katika vipande vya pikseli 32 kwa 32, na katika kila kipande ilitafuta kwanza ni nini kinachoonekana, ndipo ikapaka rangi. Kilichofichwa nyuma ya kingine hakikupakwa kabisa. Na vitu vinavyopitisha mwanga ilivipanga yenyewe kwa umbali, pikseli kwa pikseli. Katika gemu ambayo kila pigo la upanga linaacha mkia wa mwanga hewani, unaweza kufikiria raha ya mwandishi wa programu aliyezoea kupanga mambo hayo kwa mkono.

Matokeo yakawa kwamba timu ya Namco, iliyoongozwa na Hiroaki Yotoriyama, haikukondesha chochote. Iliichora gemu upya. Wapiganaji walipata pembetatu nyingi zaidi na ngozi nzuri zaidi. Mandhari ya nyuma, ambayo kwenye mashine ya sarafu yalikuwa picha bapa, yakawa majengo na milima ya pande tatu unayoweza kuyaona yakigeuka kamera inapozunguka. Yote haya kwa fremu 60 kwa sekunde, yaani kila fremu ina takriban milisekunde 16.7 tu za kukamilika. Toleo la Japani lilitoka tarehe 5 Agosti 1999, mwaka mmoja tu baada ya mashine ya sarafu. Tarehe 9 Septemba 1999 Dreamcast ikaingia Marekani kwa dola 199, na Soulcalibur ikiwa miongoni mwa gemu za siku ya kwanza. Sega walitangaza mauzo ya zaidi ya dola milioni 98 katika saa 24. Jarida la Famitsu la Japani, ambalo wahakiki wake wanne humpa kila mmoja alama hadi 10, liliipa 40 kamili. Kabla yake ni gemu moja tu iliyokuwa imepata alama hizo, Zelda ya 1998.

Basi watu wakasema: ni nzuri kutazama. Ni kweli. Lakini grafiki za 1999 ni za 1999, na leo simu ya bei nafuu inachora zaidi ya hapo. Kama uzuri ndio uliokuwa wote, nisingekesha nayo mwaka huu. Kilichonishika ni namna ya kutembea.

Katika gemu nyingi za kupigana za wakati ule, hata zenye maumbo ya pande tatu, wapiganaji wawili walikuwa kama shanga kwenye uzi. Unakwenda mbele, unarudi nyuma. Tekken 3 iliwapa wote hatua ya kukwepa pembeni, lakini ni hatua tu, kisha unarudi kwenye uzi. Soulcalibur iliukata uzi. Shika mshale wowote kati ya pande nane na mpiganaji wako anatembea huko, moja kwa moja, hadi utakapouachia. Kuchuchumaa na kuruka kukahamishiwa kwenye mshale pamoja na kitufe cha kujikinga, ili mishale iwe huru kwa miguu.

Sasa litazame kama mtu wa hesabu. Wapiganaji wanatazamana daima, kwa hiyo nafasi yako haisemwi vizuri kwa x na y. Inasemwa kwa umbali na pembe. Mbele na nyuma vinabadilisha umbali. Juu na chini vinabadilisha pembe, unamzunguka mpinzani. Halafu angalia vitufe viwili vya silaha: kimoja ni pigo la mlalo, kingine ni pigo la wima. Pigo la wima ni kali na linamfikia hata aliyechuchumaa, lakini kwenye pembe ni jembamba kama uzi, ukizunguka kidogo tu limekukosa. Pigo la mlalo ni pana, linafagia pembe nzima na kumkamata anayezunguka, lakini mara nyingi ni la juu, ukichuchumaa linapita juu ya kichwa. Anayezunguka anakamatwa na mlalo, anayechuchumaa anakamatwa na wima. Ndani ya kanuni hizo mbili kuna mchezo mzima, na unaweza kumfundisha mtoto kwa dakika tano.

Ndiyo maana silaha hapa si pambo. Fimbo ndefu ya Kilik na panga fupi mbili za Taki si picha tofauti juu ya ngumi ileile, kwa kuwa urefu wa silaha unabadilisha ramani ya mahali salama. Dhidi ya Kilik, mahali salama ni puani pake. Dhidi ya Taki, ni mbali. Ivy ana upanga unaoachana vipande ukawa mjeledi, yaani umbali wake wenyewe unabadilika katikati ya pigo! Na jukwaa lina mwisho: ukisukumwa nje umeshindwa, hata kama uhai wako umejaa. Kuzunguka basi kunakuwa pia njia ya kumgeuza mwenzako ili mgongo wake ndio uelekee ukingoni. Mara nyingi nimeshinda hivyo bila kumpiga sana, nikaona aibu kidogo. Kidogo tu.

Ile kanuni ya silaha kuvunjika waliitupa. Nafasi yake ikachukuliwa na vitisho vingine vya kumfanya mtu asijikinge milele, na ule ufundi wa kuipiga silaha ya mwenzako ikiwa njiani ukabaki: mbele na kujikinga kwa wakati hasa, panga zinagongana, na yeye anapepesuka. Inahitaji moyo. Ukikosea muda, unakula pigo zima.

Niweke hapa jambo dogo la pembeni ambalo waandishi wa programu watalipenda. Mhusika mkuu mmojawapo ni Mitsurugi, samurai wa Kijapani. Korea Kusini ilikuwa na kumbukumbu chungu ya utawala wa Japani wa 1910 hadi 1945, na kwa miaka mingi iliwekea mipaka kazi za utamaduni wa Kijapani. Kwa soko hilo Namco walimtoa Mitsurugi wakamweka Arthur, Mzungu mwenye kiraka jichoni, ambaye kwa bahati ya ajabu anapigana kwa upanga wa Kijapani na kwa mienendo ileile. Mwili umebadilishwa, mienendo imebaki. Tunapofundishwa kutenganisha data na mantiki huwa tunapewa mifano ya rekodi za wafanyakazi; huu ungenichangamsha zaidi.

Haya, na ukumbi je? Mashine za sarafu ziliishi kwa ahadi moja: njoo uone usichoweza kuona nyumbani. Ahadi hiyo ilikuwa imeanza kulegea, lakini kwa Soulcalibur ilivunjwa mchana kweupe na mwenye mashine mwenyewe. Toleo la nyumbani halikulingana tu na la ukumbini, lililipita, na juu yake likaongeza kitu ambacho mashine ya sarafu isingeweza kukitoa hata ingekuwa na nguvu kiasi gani. Kulikuwa na hali ya safari, yenye ramani na masharti ya kushangaza (unapigana huku sumu inakumaliza polepole, kwa mfano), ambapo ushindi unakupa pointi za kufungulia michoro. Mashine ya sarafu inataka uondoke baada ya dakika tatu ili mwingine alipe. Konsoli ilishalipwa, inaweza kukuweka usiku kucha. Nadhani hilo lilikuwa pigo kubwa kuliko pembetatu zote.

Ukifuata tarehe za mfululizo wenyewe utaliona likitokea. Soulcalibur II ilianzia ukumbini mwaka 2002 kwenye bodi iliyotokana na PlayStation 2, lakini ilipokuja nyumbani mwaka 2003 kila konsoli ilipewa mpiganaji wake wa kipekee: Link kwa GameCube, Heihachi kwa PlayStation 2, Spawn kwa Xbox. Soulcalibur III ya 2005 ilianzia nyumbani, na ukumbini ikaenda baadaye. Soulcalibur IV ya 2008 haikuonja sarafu. Miaka kumi tu tangu 1998.

Dreamcast nayo haikunufaika. Januari 2001 Sega walitangaza kwamba wanaacha kuitengeneza, na PlayStation 2 ikabaki na uwanja. Ilikuwa imeuza takriban milioni 9. Gemu iliyopata sifa kuliko karibu zote za kizazi chake ikabaki imefungwa ndani ya mashine iliyokufa, na hapo ndipo linapoanza suala linalonisumbua zaidi.

Mwaka 2008 Namco waliitoa tena kupitia duka la mtandaoni la Xbox 360. Duka hilo lilikuwa na kikomo cha ukubwa wa faili, MB 150 wakati huo, na ile hali ya safari ikaachwa nje pamoja na filamu ya ufunguzi. Kwa hiyo miaka tisa baada ya gemu kukataa kukonda, ikakondeshwa na duka. Mashine ilikuwa na nguvu mara nyingi zaidi ya Dreamcast; kilichobana ni kanuni ya mtu fulani kuhusu upakuaji. Na aliyeijulia hapo, ataapa kwamba Soulcalibur ndiyo ile.

Nimezifungua zote mbili za mwanzo kwenye laptop moja, ya sarafu kwa MAME na ya Dreamcast kwa Flycast, madirisha yakiwa kando kwa kando. Mienendo ya miili utaitambua mara moja, kila pigo unalolijua lipo. Lakini kwenye ya sarafu, ukimzunguka mpinzani, mlima ulio nyuma unateleza kama kitambaa kilichochorwa, na ngozi za watu zina ule ukavu wa PlayStation. Kwa tarehe, hiyo ndiyo asili. Bado sijakutana na mtu anayesema "Soulcalibur" akiwa na maana ya hiyo.

Ukiamua kuijaribu, nakushauri usianze na Kilik. Ile fimbo inafagia kila kitu na hutajifunza kutembea. Anza na Mitsurugi, achana na mapigo marefu ya kukariri, na raundi tano za kwanza tumia mshale wa juu na wa chini tu pamoja na vile vitufe viwili, wima na mlalo. Raundi ya sita utaanza kuona mzunguko ulio sakafuni, ingawa hakuna aliyeuchora.